Je, Wajua? Moshi wa Mafiga Humfikia Mtoto Tumboni

Katika vijiji vingi vya Kwale, Msambweni ikiwemo, chakula hupikwa juu ya mafiga kwa kuni, makumbi na vifuu vya nazi, na moshi wake hubeba kaboni monoksidi, yaani gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu. Gesi hiyo hupenya kondo la nyuma, na kwa kuwa damu ya mtoto huiachilia polepole kuliko ya mama, mama aliyekwisha toka jikoni na kuvuta upepo wa bahari hupata nafuu kwanza, ilhali mtoto angali anakosa hewa. Mjamzito anayevuta moshi huo kila siku yumo katika hatari zaidi ya kujifungua mtoto wa chini ya kilo 2.5, uzito unaohusishwa na shinikizo la damu ukubwani.