Kupona sonona ni hatua ya kwanza, kubaki mzima ni kazi nyingine

Mgonjwa wa sonona akianza kula vizuri, kulala usiku na kucheka tena na watoto, familia nyingi hushusha pumzi. Dawa zikiisha hakuna anayekumbuka kufuata nyingine, tarehe ya kliniki inapita, na nyumba inarudi kwenye pilikapilika za ada na kuwahi daladala. Miezi kadhaa baadaye hali ileile inarudi. Safari hii ndugu hawasemi anaumwa, wanasema anadeka.

Wahenga walishasema mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa ugonjwa wa sonona, takwimu zinawaunga mkono. Katika miaka ya 1990 madaktari wa Marekani walikadiria kuwa nusu au zaidi ya watu waliougua sonona mara moja huugua tena. Kwa waliougua mara mbili ilikuwa takribani asilimia 70, na kwa waliougua mara tatu asilimia 90.

Hicho ndicho kilichomshughulisha Zindel Segal, mwanasaikolojia tiba wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Canada, kwa zaidi ya miaka 30. Swali lake ni jepesi kulisema: mtu akishapona, nini kinamrudisha kwenye ugonjwa, na anaweza kufundishwa nini akiwa bado mzima?

Huzuni ndogo, mlango mkubwa

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, Segal na wenzake waliwachukua watu waliopona sonona, wengine kwa dawa na wengine kwa tiba ya mazungumzo inayolenga fikra. Waliwasikilizisha muziki wa huzuni uliopunguzwa kasi, huku wakiwataka wakumbuke wakati mgumu maishani mwao. Lengo lilikuwa kuwatia huzuni ya muda mfupi, kama ile ambayo mtu yeyote huipata siku ikimwendea vibaya.

Kabla na baada ya muziki, walijibu maswali kuhusu wanavyojiona. Wapo ambao huzuni ile ilipita bila kuacha alama. Lakini wapo ambao dakika chache tu zilitosha kuamsha fikra za zamani: mimi si kitu, nikikosea kidogo nimeshindwa kabisa, bila kupendwa na watu sina thamani. Katika miezi 18 iliyofuata, hawa wa kundi la pili ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuugua tena.

Kwa maneno mengine, huzuni yenyewe haina kosa. Tatizo ni kile inachokiamsha. Kwa mtu aliyewahi kuugua, huzuni na fikra za kujidharau zimezoeana kama majirani wa ukuta mmoja, ukimgongea huyu anaitika yule. Akishaanza kuzicheua fikra hizo, akijiuliza usiku kucha kwa nini yuko hivi, anazidi kuzama badala ya kupata jibu.

Wiki nane za mazoezi

Kutokana na uelewa huo, Segal na wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Mark Williams na John Teasdale, walitengeneza mafunzo ya wiki nane kwa watu waliokwishapona. Walichanganya tiba inayolenga fikra na mazoezi ya utulivu wa akili ambayo Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979. Mazoezi hayo yana asili katika dini ya Kibuddha, lakini hospitalini hufundishwa bila ibada wala imani yoyote.

Watu hukutana kwa kikundi mara moja kwa wiki, kisha hufanya mazoezi nyumbani kila siku. Moja ya mazoezi mafupi huchukua dakika tatu. Kwanza mtu anasimama kidogo na kujiuliza: sasa hivi nawaza nini, nahisi nini, mwili ukoje? Pili, anaielekeza akili kwenye pumzi inavyoingia na kutoka. Tatu, anapanua usikivu huo kwa mwili mzima, kisha anaendelea na shughuli zake.

Shabaha si kufukuza mawazo mabaya. Mtu anajifunza kuyatambua yanapoingia na kujiambia, “Hili ni wazo tu, si ukweli kuhusu mimi,” kabla hajaanza kulifuata linakokwenda.

Jaribio lao la kwanza, lililochapishwa mwaka 2000, lilikuwa na watu 145. Kati ya waliowahi kuugua mara tatu au zaidi, asilimia 66 ya waliopata huduma za kawaida waliugua tena katika muda wa takribani mwaka mmoja. Kwa waliopata mafunzo ilikuwa asilimia 37. Kwa waliougua mara mbili tu, mafunzo hayakuonyesha tofauti, kwa hiyo si tiba ya kila mtu.

Na dawa je?

Mwaka 2010 kikundi cha Segal kilitoa matokeo ya watu 84 waliopata nafuu kwa dawa, wakagawanywa makundi matatu: walioendelea na dawa, walioacha dawa taratibu na kupata mafunzo, na waliobadilishiwa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Miongoni mwa wale ambao nafuu yao ilikuwa ya kupanda na kushuka, asilimia 71 ya waliomeza vidonge vitupu waliugua tena. Walioendelea na dawa walikuwa asilimia 27, na waliopata mafunzo asilimia 28.

Somo kwa familia ni kwamba kinga ipo ya aina zaidi ya moja, ila kukaa bila kinga yoyote ni hatari. Walioacha dawa katika utafiti huo waliacha chini ya uangalizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unashauri dawa ziendelee kwa miezi kadhaa baada ya dalili kuisha, kisha zipunguzwe taratibu. Uamuzi huo ni wa mgonjwa na daktari wake, si wa jirani anayesema “mbona umeshapona.”

Watoto nao hupona

Mzazi akibaki mzima, faida haimwishii yeye. Utafiti wa Marekani ulioongozwa na Myrna Weissman wa Chuo Kikuu cha Columbia, uliochapishwa mwaka 2006, uliwafuatilia akina mama 151 waliokuwa wakitibiwa sonona, pamoja na watoto wao wa miaka saba hadi 17.

Baada ya miezi mitatu, matatizo ya akili na tabia yalipungua kwa watoto ambao mama zao walipona, na yakaongezeka kwa wale ambao mama zao hawakupona. Watoto waliokuwa hawana tatizo mwanzoni, na mama zao wakapona, wote walibaki salama. Kwa wenzao ambao mama zao waliendelea kuugua, asilimia 17 walipata tatizo.

Mnachoweza kufanya nyumbani

Sehemu ya mafunzo ya Segal inafaa kila familia: kuandika mpango mapema, mgonjwa akiwa mzima na ana nguvu ya kufikiri.

Kaeni pamoja na mwandike dalili zake za mwanzo. Kila mtu ana zake. Mmoja huamka saa tisa usiku na kushindwa kulala tena, mwingine huacha kupokea simu, mwingine huanza kuwafokea watoto kwa mambo madogo.

Andikeni pia shughuli zinazompa nguvu na zile zinazomnyonya. Dalili zikijitokeza, za kwanza ziongezwe hata kama hana hamu nazo, na za pili zipunguzwe.

Kubalianeni nani atamwambia, na kwa maneno gani. “Naona siku mbili hizi hulali, twende kliniki?” husaidia kuliko “umeanza tena mambo yako.”

Msisubiri azidiwe ndipo mrudi kwa daktari. Na kama anazungumzia kufa au kujidhuru, hilo si la kusubiri tarehe ya kliniki. Msimwache peke yake, ondoeni sumu, dawa na vitu vyenye ncha karibu naye, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.