Kompyuta ya gemu kwa bajeti finyu: Mnunuzi wa Voi aanze na umeme, si taa za rangi

KIJANA wa Voi anayedunduliza fedha ili ajiundie kompyuta ya kuchezea gemu hukabiliwa na swali ambalo mwenzake wa Nairobi halimsumbui sana: kipuri kikigunduliwa ni kibovu, kitarudishwa vipi na kwa gharama ya nani?

Mji huo uko takriban kilomita 160 kutoka Mombasa na zaidi ya kilomita 300 kutoka Nairobi, miji iliyo na maduka mengi ya vipuri vya kompyuta. Mabasi ya barabara kuu pamoja na reli ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, yamerahisisha safari ya kwenda kununua. Hata hivyo, safari ya pili ya kurudisha kilichoharibika humeza akiba ambayo ingenunua kipuri kingine.

Ndiyo maana bajeti ndogo katika Kaunti ya Taita Taveta haifai kugawanywa kwa kufuata ushauri ulioandikiwa wanunuzi wa Ulaya au Marekani. Kanuni inayofaa ni hii: kwanza kinunuliwe kwa ubora kile ambacho kikifa hufa na wenzake, kisha kile ambacho kinaweza kuongezwa baadaye.

Umeme ndio msingi

Kipuri cha kwanza katika orodha hiyo ni pawasaplai, yaani kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani, ambao nchini Kenya ni volti 240, na kuugeuza kuwa volti chache zinazohitajika ndani ya kompyuta. Pawasaplai duni inapoungua huweza kuunguza pia ubao mama, ambao mafundi huuita mathabodi, pamoja na diski na kadi ya michoro.

Kukadiria ukubwa unaofaa si kazi ngumu. Prosesa ya AMD Ryzen 5 5600 imekadiriwa wati 65, ingawa huweza kuzidi kiwango hicho inapofanya kazi kwa nguvu. Kadi ya michoro ya Radeon RX 6600 imekadiriwa wati 132. Ukiongeza wati 50 hivi za ubao mama, diski na feni, jumla hukaribia 270. Pawasaplai ya kweli ya wati 500 hutosha na kubakiza nafasi.

Neno la kuzingatia hapo ni "ya kweli". Visanduku vyepesi vya bei ya kutupa huandikwa wati nyingi ambazo haviwezi kuzitoa kwa muda mrefu. Alama ya 80 Plus Bronze, iwapo ni halali, huonyesha kwamba kifaa kilipimwa na hakipotezi umeme mwingi kuwa joto.

Aidha, umeme hukatika. Mnamo Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilibaki gizani kwa saa nyingi. Kifaa cha UPS hakikusudiwi kumwezesha mtu kuendelea na mchezo gizani, bali humpa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa utaratibu. Mnunuzi asome wati, si VA pekee, kwa kuwa UPS iliyoandikwa VA 650 kwa kawaida hutoa wati pungufu ya hapo.

Vipuri lazima vipatane

Hasara nyingine hutokana na kununua vipuri vizuri visivyoingiliana. Memori ya DDR4 haiingii katika ubao wa DDR5. Prosesa za Ryzen za msururu wa 5000 huingia katika soketi ya AM4, lakini ubao wa zamani kama wa B450 huenda usiwake nazo hadi programu yake ya BIOS iboreshwe. Ni busara kumwomba muuzaji aifanye kazi hiyo kabla ya mzigo kupakiwa.

Mtego mwingine umo katika herufi moja tu. Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021, ina uwezo wa michoro ndani yake. Ryzen 5 5600 isiyo na herufi G haina, sawa na prosesa za Intel zinazoishia na F, mathalan Core i3-12100F. Anayenunua hizo bila kadi ya michoro ataiwasha kompyuta na kubaki akitazama skrini nyeusi.

Kwa mwenye fedha kidogo, 5600G ni njia ya kuanzia. Humwezesha kucheza gemu nyepesi kama Valorant leo, na kuongeza kadi ya michoro miezi ijayo. Sharti ni kuwa memori iwe ya vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, kwa sababu michoro ya ndani hutegemea memori hiyohiyo, na vipande viwili hufungua njia mbili za kupitishia data.

Bei ya memori nayo haitabiriki. Ilipanda sana duniani mwishoni mwa mwaka 2025, viwanda vilipoelekeza uzalishaji wao kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Kwa hivyo ni vyema kuulizia bei upya siku ya kununua badala ya kutegemea orodha ya mwaka uliopita.

Kompyuta za 'ex-UK'

Wengi huanza na kompyuta zilizotumika katika ofisi za ng'ambo, maarufu kama "ex-UK", kisha huongeza kadi ya michoro. Njia hii inaweza kuokoa fedha, ila ina mipaka yake.

Pawasaplai za kompyuta hizo huwa ndogo na mara nyingi hazina waya wa kulisha kadi kubwa. Kadi inayofaa ni ile inayotosheka na wati 75 zinazotolewa na soketi ya ubao mama, kama vile GTX 1050 Ti na baadhi ya matoleo ya GTX 1650. Kasha likiwa jembamba, kadi nayo lazima iwe fupi ya kimo.

Umri wa prosesa pia una uzito. Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inahitaji kinga ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa jumla prosesa za kizazi cha nane kuendelea. Kompyuta ya mwaka 2014 haimo katika orodha hiyo hata iwe imesafishwa ikang'aa.

Kadi za mitumba nazo zahitaji kukaguliwa. Sarafu ya Ethereum ilipoacha mfumo wa kuchimbwa kwa kadi za michoro Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zimefanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Zipo pia kadi kuukuu zilizobadilishwa jina ili zionekane mpya. Programu ya bure ya GPU-Z husaidia kuzitambua, na mnunuzi adai kuiona kadi ikiendesha gemu kwa angalau nusu saa kabla ya kulipa.

Joto na vumbi

Voi iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na joto la mchana hupita nyuzi 30 mara kwa mara. Chumba kikizidi kingine kwa nyuzi 10, prosesa nayo hupanda kwa takriban kiasi hicho, na ikikaribia kikomo chake, ambacho kwa 5600G ni nyuzi 95, hupunguza kasi yenyewe. Mchezaji hudhani kompyuta yake ni dhaifu, kumbe imebanwa na joto.

Dawa yake ni kasha lenye uso wa wavu, feni mbili na chujio linalotolewa na kuoshwa. Vumbi jekundu la Tsavo huziba chujio upesi, kwa hiyo kompyuta isiwekwe sakafuni. Walio Wundanyi, kwenye baridi ya milima, hawasumbuliwi sana na joto, lakini wajihadhari na unyevu wa ukungu.

Taa za rangi hazipunguzi hata nyuzi moja. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mwishowe, skrini isisahaulike. Skrini inayoonyesha picha 60 kwa sekunde haiwezi kuonyesha 140, hata kadi iwe ya bei gani. Kwa familia nyingi, mashine hiyohiyo itaandika kazi za shule na za chuo mchana kabla ya gemu kuanza usiku. Akiba iliyochukua mwaka mzima kukusanywa haistahili kuteketea kwa usiku mmoja kwa sababu ya pawasaplai iliyonunuliwa kwa kuangalia bei tu.