Fedha za Wafadhili Zinapitia Wapi Kabla ya Kufika Blokini?

Sisi wahamasishaji wa afya tunaopita nyumba kwa nyumba hapa Kakuma tunaulizwa swali moja mara kwa mara: "Tunasikia kwenye redio kwamba mamilioni ya dola yametolewa kwa wakimbizi na wenyeji. Mbona choo chetu kimejaa na hakuna anayekuja?" Ni swali la haki. Tena lina jibu ambalo linaweza kusaidia kikundi chochote, cha wakimbizi au cha wenyeji wa Turkana, kinachotaka kufanya jambo badala ya kukaa kungoja.

RUZUKU NI NINI?

Ruzuku ni fedha zinazotolewa bila kurudishwa, lakini kwa kazi iliyotajwa, kwa muda uliotajwa, na kwa hesabu inayoonekana. Siyo zawadi, na siyo mkopo. Watu wengi huchanganya mambo haya. Kwa mfano, mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 100 kwa ajili ya mradi wa maendeleo katika kaunti za Turkana, Garissa na Wajir. Fedha hizo zilikuwa mkopo wa masharti nafuu kwa serikali ya Kenya, na zililenga hasa jamii zinazotupokea. Kwa hiyo mtu anayesikia "dola milioni 100" asidhani kuna mfuko mahali fulani wenye jina lake.

NJIA NI NDEFU

Ruzuku kubwa hazitoki ng'ambo zikaja moja kwa moja blokini. Chukua Mfuko wa Dunia wa Kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria, ulioanzishwa mwaka 2002. Mfuko huu hauna ofisi ya kugawa fedha katika kila nchi. Kila nchi huunda kamati ya uratibu yenye watu wa serikali, mashirika ya kiraia na watu wanaoishi na magonjwa hayo. Kamati ndiyo inayopeleka maombi. Hapa Kenya wapokeaji wakuu wamekuwa Hazina ya Taifa, Msalaba Mwekundu wa Kenya na Amref. Wao huyapa kazi mashirika mengine, na mashirika hayo ndiyo yanayofika vijijini na kambini. Mwishoni raia haoni pesa. Anaona neti, kipimo cha makohozi au dawa. Hiyo pia ni ruzuku, ila imefika ikiwa kitu.

Wafadhili wenyewe wamekubali kwamba njia hii ni ndefu mno. Mwaka 2016 wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia mwaka 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura itakwenda kwa mashirika ya wenyeji kwa njia ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Ahadi hiyo haikutimia. Halafu mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, na sisi sote tuliona jinsi huduma na chakula vilivyopungua. Fedha zikiwa chache, kikundi ambacho hakijajiandaa hakitakumbukwa.

MILANGO MIDOGO IPO

Kuna ruzuku za umma zilizotengenezwa kwa ajili ya vikundi vidogo. Hizi ni tatu kati yake:

1. Programu ya Ruzuku Ndogo ya Mfuko wa Mazingira Duniani (GEF), iliyoanza mwaka 1992 na kusimamiwa na UNDP. Hutoa fedha kwa vikundi vya kijamii kwa kazi za mazingira kama vile miti, ardhi na nishati. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa dola 50,000 kwa mradi mmoja. Kamati inayochagua miradi katika kila nchi huwa na wajumbe wengi wasio wa serikali.

2. Ruzuku za serikali ya Japani kwa miradi ya wananchi, zilizoanza mwaka 1989 na kutolewa kupitia balozi zake. Husaidia shule, zahanati, maji na mambo kama hayo. Hazimpi fedha mtu binafsi wala biashara, na hazilipi mishahara ya kikundi.

3. Mfuko wa ubunifu wa UNHCR kwa mashirika yanayoongozwa na wakimbizi wenyewe, ulioanzishwa mwaka 2022. Ulitoa hadi dola 45,000 pamoja na mafunzo.

Kabla ya kuandika chochote, uliza kama dirisha la maombi liko wazi mwaka huo na kama kazi yenu ni ya aina wanayoisaidia. Kupeleka ombi la vyoo kwa mfuko wa miti ni kupoteza karatasi.

SHIDA PEKE YAKE HAITOSHI

Hapa ndipo vikundi vingi hukwama. Tunaandika: "Tunateseka sana, tunaomba mtusaidie." Ni kweli tunateseka, lakini anayesoma ana maombi mia mezani na yote yanasema hivyo. Yeye anataka kujua: wangapi, wapi, kwa sababu gani, na nini kitabadilika.

Tuseme kikundi kinataka kujenga vyoo vya familia. Mwaka 2005, kati ya Aprili na Juni, kipindupindu kilizuka hapa Kakuma. Watu 418 walitibiwa na wanne walifariki. Wachunguzi walilinganisha waliougua na wasiougua. Waligundua kwamba kutumia choo kimoja pamoja na kaya tatu au zaidi kuliongeza hatari, na kuweka maji ya kunywa katika chombo kilichofunikwa kuliipunguza. Huo ni ushahidi wa kambi yetu wenyewe. Sasa hesabuni bloki yenu: kaya ngapi zinatumia choo kimoja? Vingapi vimejaa? Vingapi huingiwa na maji mto Tarach unapofurika? Kurasa mbili zenye hesabu hiyo zina nguvu kuliko kurasa kumi za malalamiko.

MAMBO YA KUTAYARISHA

- Usajili. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 ya kusajili vikundi vya kijamii inataka watu wasiopungua kumi. Tayarisheni katiba, orodha ya wanachama na kumbukumbu za mkutano ulioanzisha kikundi.

- Akaunti na daftari. Watu wawili au watatu watie sahihi ndipo pesa itoke. Kila shilingi iwe na risiti, hata ya msumari. Mweka hazina asiwe mume au mke wa mwenyekiti.

- Mchango wenu. Mfadhili hupenda kuona mtakachotoa ninyi: kuchimba shimo, kufyatua matofali ya udongo, kulinda vifaa.

- Mahali. Pateni ruhusa ya kujenga kabla ya kuomba fedha. Ongeeni pia na wenyeji. Mradi wanaofaidi pande zote mbili hauleti ugomvi wa maji na ardhi baadaye.

- Baada ya fedha kuisha. Nani atasafisha? Shimo likijaa, nani atachimba jingine? Kama hamna jibu, mfadhili ataliona pengo hilo.

Maombi mengi huandikwa kwa Kiingereza. Isiwe sababu ya kumwachia kijana mmoja mwenye kompyuta kila kitu. Jadilianeni kwa Kiswahili, kubalianeni, ndipo aandike, kisha awasomee alichoandika kabla hakijatumwa. Akina mama wanaochota maji na kuuguza watoto wasikike hapo, maana choo kitakuwa mikononi mwao.

JIHADHARINI NA MATAPELI

Hakuna ruzuku ya kweli inayokutaka utume "ada ya fomu" kwa simu ili upate maelfu ya dola. Anayekuahidi fedha kwa sharti la kumpa namba ya siri au nakala ya kitambulisho chako bila barua ya ofisi inayojulikana, mkatae na utoe taarifa.

Kuomba hakuna uhakika wa kupata. Kikundi kinaweza kukataliwa mara mbili, tatu. Lakini hesabu ya vyoo mliyofanya haipotei. Ipelekeni kwenye kikao cha bloki na kwa shirika la maji na usafi, maana nao hupanga kazi zao kwa hesabu. Anzeni wiki hii kwa daftari moja na kalamu. Mkihitaji mtu wa kuwasaidia kuhesabu kaya, muulizeni mhamasishaji wa afya wa bloki yenu. Kazi hiyo tunaifahamu.

Mwandishi ni mhamasishaji wa afya ya jamii, Kakuma.