Kabla ya Kupanda Njia ya Sake

Neno la kwanza ninaloliandika ubaoni siku ya mafunzo ni "mzalendo". Walioketi mbele yangu ni vijana waliomaliza lisansi, wengine wao tayari ni waasistanti wa chuo kikuu, na baada ya siku chache watapanda kutoka Goma, kwa njia ya Sake, kwenda Masisi na Walikale, mashariki mwa Kongo, kufanya ankete. Dodoso walilopewa limetungwa mbali, kwa Kifaransa, na mojawapo ya maswali linataka kujua kama mwananchi anajiona mzalendo. Ukilisoma kwa kamusi, halina ubaya. Lakini tangu kundi la waasi la M23 lilipoanza vita upya mwishoni mwa 2021, jina Wazalendo limeshikamana na makundi yenye silaha yanayopigana upande wa jeshi la serikali. Ukimwuliza hivyo mama wa Nyabiondo mbele ya majirani, umemtaka ataje bunduki anayoiunga mkono. Atanyamaza, au atakupa jibu la kujiokoa, nawe utalipeleka mjini likaingie kwenye jedwali kama maoni yake.

Ndiyo maana asubuhi nzima huishia kwenye lugha. Tunasoma swali kwa Kifaransa, tunalisema kwa Kiswahili cha Goma, kisha mwenye Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda analirudia kwa lugha ya nyumbani, na mwingine analirudisha kwenye Kifaransa. Huko njiani mengi huanguka. "Una shamba?" ni swali la maneno mawili, lakini Masisi mtu anaweza kuwa analima kipande alichokodi kwa msimu ndani ya ardhi ya mfugaji mkubwa, huku shamba la baba yake likiwa upande asioweza kukanyaga tangu alipokimbia. Ana shamba, na hana. Milima ile imegombaniwa tangu Wabelgiji walipoanza kuleta familia kutoka Rwanda mwaka 1937, kwa hiyo swali la shamba ni swali la nani mwenyeji. Kijana asiyeijua historia hiyo atashangaa kwa nini mzee amesimama ghafla na kumuaga.

Mchana tunashika daftari. Chuo hudai karatasi ya ridhaa yenye jina na sahihi, na nia yake ni kumlinda mhojiwa. Huko Masisi na Walikale, karatasi hiyohiyo inaweza kumwua. Machi 2025 M23 waliingia Walikale mjini, na wiki chache baadaye wakaondoka. Mtu aliyezungumza kwa uhuru chini ya mamlaka moja huamka chini ya nyingine, na majibu yake bado yameandikwa. Kwa hiyo tunafundisha ridhaa ya mdomo: unaeleza wewe ni nani, nani amekutuma, maneno yataenda wapi, na kwamba akikataa hakuna ubaya. Daftari hubeba namba, si majina. Kijiji hakitajwi kwenye ukurasa wenye maneno ya mtu. Kinachorekodiwa kwenye simu hutumwa mahali salama mtandao unapopatikana, kisha hufutwa kabla ya kufika kwenye kizuizi kinachofuata.

Saa ngumu kuliko zote ni ile ya Luvungi. Kati ya Julai 30 na Agosti 2, 2010, watu wenye silaha walivamia vijiji 13, Luvungi kikiwamo, kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, wilayani Walikale, na ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Julai 2011 ilihesabu watu 387 waliobakwa. Baadaye wachunguzi, waandishi wa habari na wageni wa mashirika walimiminika huko. Nawaomba vijana wajiweke mahali pa mwanamke anayeulizwa kwa mara ya sita lililompata, na anayeuliza hana dawa wala hakimu, ana kalamu tu. Kama kisa kimekwisha kusimuliwa na kuandikwa, kisome. Usimrudishe mtu kwenye usiku ule kwa sababu dodoso lako lina nafasi tupu.

Jua linapoelekea kutua tunazungumzia jina, na hapa nina kisa ninachokipenda. Mwaka 1956, katika nchi ya Wanyanga, Candi Rureke alimwimbia, akamsimulia na kumchezea mtafiti Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo kwa siku 12. Kitabu kilipotoka mwaka 1969, jina la Rureke lilikuwamo kama msimulizi. Kwenye jalada, kando ya jina la Biebuyck, lilikuwapo la Kahombo Mateene, Mnyanga, mhariri na mfasiri mwenza. Masimulizi yalirekodiwa wakati wa ukoloni, naye Biebuyck alitoka Ubelgiji, lakini tunajua nani alisema na nani alifasiri. Ripoti ngapi za leo kuhusu Masisi zinatuambia hivyo? Mwaka 2020 watafiti wa Bukavu na wenzao wa Ubelgiji walitoa kitabu, *The Bukavu Series*, ambamo watafiti wasaidizi wenyewe walieleza jinsi wanavyobeba hatari ya barabara, kisha wanatoweka pale uchambuzi unapoanza. Nilipokisoma nilijitambua, maana nami nilianza hivyo: nilikwenda kwa pikipiki, nikarudi na homa, na jina langu sikuliona popote.

Kwa hiyo hatumalizi siku kwa vyeti na picha ya pamoja. Kila kijana huandika, kwa mkono wake, mambo atakayomwomba bosi wa mradi kabla ya kuondoka: nani atalipa hospitali pikipiki ikianguka, nani ana haki ya kusema turudi, jina lake litakaa wapi kwenye ripoti. Tunayasoma kwa sauti. Sauti hutetemeka, kwa sababu wengi hawajawahi kumwomba bosi kitu. Halafu wanafungua daftari jipya, na kwenye ukurasa wa mwisho wanaandika mwezi watakaorudi kwa chefu wa kijiji kumweleza walichokikuta.