Mpanda milima ya Upare na winga wa ndondo Same: nani yuko fiti zaidi?

Mama wa Mamba Miamba anapanda mlima na mzigo wa tangawizi kichwani, anafika juu bado anapiga stori. Kijana wa Same mjini, winga wa ndondo, anageuka mara moja tu beki kashakaa chini. Nani yuko fiti?

Wote, ila kila mtu kwa upande wake. Utimamu wa mwili una pande mbili, na wengi wetu tunaangalia mmoja tu.

Upande wa kwanza ni wa afya: pumzi (yaani moyo na mapafu), nguvu za misuli, misuli kufanya kazi muda mrefu bila kuchoka, viungo kunyumbulika, na kiasi cha mafuta mwilini. Huu ndio unaosaidia kukukinga na presha, kisukari na magonjwa ya moyo. Hapa mama wa mlimani yuko vizuri sana, hata kama hajawahi kuvaa raba.

Upande wa pili ni wa ujuzi: kasi, wepesi wa kugeuka, mizani, kuoanisha macho na mikono au miguu, nguvu ya ghafla, na uharaka wa kuitikia. Hapa winga anatamba.

Shida inaanzia hapa. Winga akifika miaka 35, akaacha mpira na kushinda amekaa kwenye bodaboda, chenga zinaweza kubaki lakini pumzi inaisha. Kitambi kinaingia, na yeye bado anajiona mchezaji. Kupiga danadana 50 hakupimi presha.

Bingwa anahitaji pande zote. Septemba 2025 jijini Tokyo, Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Baada ya kilomita 42, alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu. Pumzi ilimfikisha uwanjani, kasi ikampa medali.

Kwa mtu wa kawaida, anza na afya. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, yale ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ongeza mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Kwa anayeishi Same, kutembea haraka kuelekea mlimani kunatosha kabisa, na gym hailipiwi.

Lakini ujuzi nao usidharauliwe. Dereva wa boda anaokolewa na uharaka wa kushika breki. Bibi wa Mbaga kwenye njia yenye utelezi wakati wa mvua anaokolewa na mizani, maana mfupa wa nyonga ukivunjika uzeeni, kupona ni kazi. Ndiyo maana WHO inataka wenye miaka 65 na kuendelea wafanye mazoezi ya mizani na nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia watu 1,702 wa Brazil wenye miaka 51 hadi 75, ulikuta walioshindwa kusimama kwa mguu mmoja sekunde 10 walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki miaka iliyofuata. Haina maana kwamba mguu ndio uliowaua. Ni dalili tu. Ukitaka kujaribu, simama karibu na ukuta, na mzee asijaribu akiwa peke yake.