Nafasi ya mtoto isitegemee saa aliyoamka mzazi

Kwa zaidi ya miaka kumi, hadi korona ilipofunga milango mwezi Machi 2020, mtoto wa miaka 4 hadi 12 aliyeingia bustani ya burudani ya Disney's Hollywood Studios, Florida, aliweza kupanda jukwaani na kufunzwa kuwa Jedi, shujaa wa filamu za Star Wars. Alivishwa joho la kahawia, akakabidhiwa upanga wa mwanga wa plastiki, akafundishwa mapigo machache kwa mpangilio, kisha akapambana na adui wa Jedi, Darth Vader, huku wazazi wakipiga picha. Hakudaiwa hata senti juu ya tiketi ya kuingilia. Tatizo lilikuwa moja: kila onyesho lilichukua watoto wachache, na waliotaka walikuwa wengi mno. Katika miaka ya mwisho majina yaliandikwa asubuhi kwenye Indiana Jones Adventure Outpost, kwa kanuni ya anayewahi ndiye anayepata, na mtoto mwenyewe alitakiwa awepo. Asiyekuwepo na lake halipo. Msimu wa likizo, orodha ya siku nzima iliweza kujaa muda mfupi tu baada ya geti kufunguliwa.

Kanuni ya kuwahi huonekana ya haki kwa sababu haiulizi mtu ni nani. Lakini inapima kitu ambacho mtoto hana mamlaka nacho. Mtoto wa miaka 6 hapangi saa ya kuamka, hachagui hoteli, haendeshi gari. Anayeshindana ni mzazi, na anashindana kwa usingizi, usafiri na mahali alipolala. Siku fulani za wiki Disney iliwafungulia wageni wa hoteli zake mapema kuliko wengine. Familia iliyolala kwenye moteli ya bei nafuu nje ya eneo hilo ilifika getini kwa wakati uliotangazwa na kukuta wenzao wameshaandikishwa. Iliitwa foleni, ila sehemu yake ya mbele ilikuwa imeshanunuliwa tangu chumba kilipolipiwa. Mchumi Yoram Barzel alieleza tangu mwaka 1974 kwamba kitu kinachogawiwa kwa foleni si cha bure: watu huzidi kuwahi mpaka muda wanaoupoteza unakaribia thamani ya kile wanachokifuata. Na muda huo haumnufaishi mtu. Pesa ya tiketi angalau huishia kwa mwenye bustani, lakini saa mbili za usingizi wa mtoto haziingii mfukoni mwa yeyote, na saa nane mchana ndizo zinazomliza njiani.

Kuhamishia foleni kwenye simu hakukuondoa ugonjwa huo. Kivutio cha Rise of the Resistance kilipofunguliwa katika bustani hiyo hiyo Desemba 2019, nafasi za kupanda ziligawiwa kwa programu ya simu, kwa waliokwisha kuingia ndani. Watu wakaanza kujazana getini kabla ya mapambazuko. Baadaye ikaruhusiwa kuomba saa 1 kamili asubuhi ukiwa popote ulipo, na nafasi zikawa zinakwisha kufumba na kufumbua. Mbio za miguu zikageuka mbio za vidole, na mwenye mtandao wa kusuasua akaachwa nyuma.

Wapo watakaosema kwamba anayedamka ndiye anayetaka zaidi, kwa hiyo foleni inachuja wenye hamu ya kweli. Kwa watu wazima wanaosubiri tiketi za muziki hoja hiyo ina uzito. Kwa watoto, inachuja hamu ya mtu mwingine. Mchumi Martin Weitzman aliligusa suala linalofanana na hili mwaka 1977, alipolinganisha kuuza kitu kwa bei na kukigawa kwa mgao. Alionyesha kwamba pale vipato vinapokaribiana huku mahitaji yakipishana sana, bei humfikia vizuri anayehitaji; vipato vikipishana sana huku mahitaji yakilingana, mgao hufanya kazi bora zaidi. Watoto waliosimama mbele ya jukwaa lenye Darth Vader wamo katika hali hiyo ya pili. Sioni mizani ya kupima kama mtoto wa daktari wa Boston anautaka ule upanga kuliko mtoto wa dereva wa Tampa. Kinachoonekana bila mizani ni kwamba wazazi wao hawana uwezo sawa wa kulala karibu na geti.

Kwa nini basi wasiuze tu nafasi? Bei humaliza foleni, hilo halina ubishi, na kampuni imeshajaribu njia hiyo. Tangu mwaka 2019 bustani hiyo ina Savi's Workshop, karakana ambako mteja huunda upanga wake mwenyewe kwa bei iliyoanzia karibu dola 200. Ni shughuli iliyotengenezwa kwa ufundi na anayelipa huondoka na upanga wake. Mafunzo ya Jedi, yaliyokuwa ndani ya tiketi, hayakurudi baada ya korona. Mtoto mwenye wazazi wa kawaida sasa haamki alfajiri, kwa kuwa hakuna cha kuamkia. Njia nyingine, iliyotumika Disneyland ya California miaka ya mwanzo, ilikuwa mwalimu wa Jedi kuchagua watoto kutoka kwa watazamaji. Hiyo haina haja ya maelezo marefu: inampa nafasi mwenye sauti kubwa na aliyenunuliwa vazi la kuvutia macho, na mtoto mwenye haya hurudi nyumbani bila kuguswa.

Inabaki kura, na kura si ndoto ya wanafalsafa. Tokyo Disney Resort imegawa viti vya baadhi ya maonyesho yake kwa bahati nasibu kwa miaka mingi. Familia huingia bustanini kwanza, kisha huomba ikiwa kundi moja, ili baba asipate huku mtoto akikosa. Jibu hutoka palepale, na kila onyesho mtu hujaribu mara moja tu kwa siku. Masharti hayo yana akili. Kwa kuwa ni lazima uwe ndani, hakuna anayeomba kutoka nyumbani kwa kubahatisha. Kwa kuwa ni mara moja, hakuna faida ya kukesha juu ya simu. Aliyekosa saa nne amepoteza dakika moja ya maisha yake, si asubuhi nzima.

Pingamizi zito zaidi ni la familia iliyojinyima miaka mitatu ili kufika mara moja. Je, tuwaambie kwamba yote yataamuliwa na mashine? Foleni angalau iliwapa kitu cha kufanya. Nalikubali hilo kwa sehemu, ila tukumbuke kwamba foleni ilimhakikishia nafasi yule tu aliyekuwa na habari mapema na gari la kumfikisha. Kura inaweza kurekebishwa kwa namna ambayo foleni haiwezi: aliyekosa jana aongezewe uzito leo, na mwenye tiketi ya mwaka mzima, ambayo ina jina lake, asiruhusiwe kujaribu kila wikiendi. Bila sharti hilo la mwisho wakazi wa jirani wangezoa nafasi kwa wingi wa majaribio, na hapo utetezi wangu wa kura ungelegea sana.

Kuhusu machozi ya watakaokosa katika kura, watoto wanavumilia zaidi ya tunavyodhani, mradi waone hakuna aliyependelewa. Wanasaikolojia Alex Shaw na Kristina Olson walichapisha mwaka 2012 utafiti uliowapa watoto wa miaka 6 hadi 8 kazi ya kugawa vifutio vitano kwa watoto wawili waliofanya kazi sawa. Wengi walichagua kifutio cha tano kitupwe kuliko mmoja apate zaidi bila sababu. Katika utafiti wao wa mwaka 2014, walipopewa njia ya kubahatisha isiyopendelea mtu, watoto walikuwa tayari kuitumia kuliko kutupa. Ndiyo maana naona kura ya ndani ya simu, ambayo mzazi huibonyeza akiwa peke yake na kuja na habari, ni duni kuliko mashine zilizokuwa Tokyo awali, ambapo familia ilipitisha tiketi zote mbele ya kila aliyekuwepo na skrini ikajibu. Gharama ya kuweka mashine mbili karibu na jukwaa, na mhudumu mmoja wa kumwinua mtoto mfupi ili abonyeze mwenyewe, ni ndogo kwa bustani yoyote ya ukubwa huo.