Kuba la Chuma Lililotikisa Daytona

Februari 1964, katika uwanja wa Daytona, Florida, Richard Petty alizunguka mizunguko 200 na kushinda mbio za Daytona 500 akiwa ndani ya Plymouth. Katika mizunguko 184 kati ya hiyo, yeye ndiye aliyekuwa mbele. Nafasi ya pili na ya tatu zilikwenda pia kwa Plymouth. Zote zilikuwa na injini mpya ya Chrysler, kampuni mama ya Plymouth: Hemi 426.

Jina Hemi limetokana na umbo la nusu tufe. Kata chungwa katikati, toa nyama yake, kisha ufunike silinda kwa ganda lililobaki: hicho ndicho chumba cha mwako cha Hemi. Kuba hilo lina nafasi ya valvu kubwa mbili zinazokabiliana. Mchanganyiko wa hewa na petroli huingia upande mmoja, moshi ukatokea upande wa pili, bila kupindapinda. Plagi hukaa karibu na kilele, hivyo moto husambaa upesi pande zote. Kupumua vizuri ndiyo siri yote ya injini ya mbio, na hii ilipumua vizuri kuliko washindani wake.

Gharama yake ilikuwa uzito. Valvu zilizoelekea pande mbili zilidai vyuma vingi vya kuzisukuma, na silinda hedi ikawa pana mno. Si ajabu mafundi waliibandika jina la Tembo.

Wasimamizi wa mbio, NASCAR, waliizuia mwaka 1965 kwa sababu haikuwa ikiuzwa kwa watu wa kawaida. Chrysler ikajibu mwaka 1966 kwa kuiweka katika magari ya dukani: lita 7, kabureta mbili, nguvu za farasi 425. Ukubwa huo ni karibu mara tano ya injini ya cc 1,500. Kwa hiyo, kijana wa Marekani aliyekuwa na fedha aliweza kununua injini iliyozaliwa uwanjani, sheria ya mbio ikiwa ndiyo iliyomfungulia mlango.

Haikudumu. Bima ya magari hayo ilipanda, na sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikawabana watengenezaji kuhusu moshi. Mwaka 1971 ukawa wa mwisho kwa Hemi 426 kuuzwa katika magari ya barabarani, miaka miwili kabla ya msukosuko wa mafuta wa 1973.